Mwaka Ambao Profesa Alinisahau

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, sisi wanafunzi wa shahada ya uzamili tulikusanyika kwenye chumba kimoja nyuma ya maabara, chumba chenye madirisha yanayotazama Mlima Meru, tukafundishwa mambo ambayo hayakuwemo kwenye mtaala. Namna ya kuingia kwenye chumba cha usaili bila kujikunyata. Namna ya kumwandikia mtu usiyemjua, akaelewa unachotaka kabla hajachoka kusoma. Namna ya kueleza utafiti wako kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kwa sababu, kama alivyosema aliyetufundisha, mtu mwenye nafasi ya kukupa hana muda wa kunywa viwili.

Aliyetufundisha alikuwa profesa, na ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Alikuwa mzaliwa wa Kilimanjaro, mrefu, mwembamba, anayevaa sweta la sufu hata mwezi wa pili ambapo Arusha nzima inatafuta kivuli. Zile Alhamisi hakuagizwa na mtu. Alizianzisha mwenyewe, alituambia, kwa kuwa alichoka kuona vijana wenye akili wakiingia kwenye vyumba vya watu huku wanaangalia viatu vyao.

"Hamkosi akili," alikuwa anasema. "Mnakosa mtu wa kuwaambia kwamba mnaruhusiwa kuzungumza."

Mimi nilikuwa mmoja wa waangalia viatu. Nimezaliwa upande wa magharibi wa mlima, kwa watu wa kulima na kufuga. Kiswahili nilikikuta shuleni, na Kiingereza kikaja baada yake kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Meno yangu ni ya kahawia, kama ya wengi wetu tuliokunywa maji ya mlima ule utotoni, maji yenye madini mengi ya floraidi. Kwa hiyo nilizoea kuzungumza nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Na utafiti wangu ulihusu kitu hicho hicho: namna ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe ili floraidi ipungue.

Alhamisi ya kwanza nilisimama mbele ya wenzangu, mkono mdomoni. Profesa aliniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Shusha mkono, binti. Hayo meno ndiyo utafiti wako. Hakuna mwenzako hapa aliyekuja na ushahidi mdomoni."

Darasa lilicheka, na mimi nikacheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilicheka mbele ya watu bila kuficha kinywa.

Kazi yake ya kwanza kwa kila mwanafunzi mpya ilikuwa kwenda nyumbani kumweleza mama yake anachosoma, kwa lugha ya mama. Mwisho wa juma nilikwenda kwetu. Mama yangu, ambaye sisi nyumbani tunamwita yeyo, alikuwa anakoroga loshoro jikoni, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando. Nikamweleza kwa Kimaasai chetu cha Kiarusha, nikihangaika kutafuta maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza mwiko, akauliza, "Mifupa ya ng'ombe gani? Aliyekufa au aliyechinjwa?" Nilipomsimulia Profesa, alipiga meza kwa furaha. "Hilo ndilo swali! Umelijibu?" Sikuwa nimelijibu. Nililitafutia jibu kwa wiki nzima.

Basi, huyo ndiye aliyekuwa Profesa wangu.

Mwaka wangu wa pili likaja tangazo. Maabara moja kubwa ya maji, katika nchi ya baridi huko Ulaya, ilikuwa inatafuta wanafunzi wachache wa kwenda kufanya kazi nao mwaka mzima. Wangepatiwa mashine ambazo sisi tulizijua kwa picha tu, wangefundishwa kuandika makala za kitaalamu, na baada ya hapo wengi waliendelea hadi uzamivu. Kwetu, mashine ya kupima floraidi ilikuwa moja, na ilikuwa inaharibika kila umeme unapocheza. Profesa alinishika bega kwenye korido. "Hii ni yako," alisema. "Wala usijiulize mara mbili."

Nilipita mchujo wa kwanza. Kilichobaki kilikuwa usaili kwa njia ya video, na kwenye usaili huo msimamizi alitakiwa kukaa pamoja na mwanafunzi na kumzungumzia. Hilo lilinipa raha. Niliona kama nimeambiwa niingie uwanjani na mchezaji mzuri kuliko wote.

Nikitazama nyuma, dalili zilikuwepo. Alhamisi moja alitufundisha somo alilotufundisha Alhamisi iliyotangulia, kwa mifano ile ile na utani ule ule, akitua mahali pale pale ili tucheke. Tulicheka. Tulidhani anatupima kama tulisikiliza. Siku nyingine aliniuliza mahindi yangu yanaendeleaje. Sina mahindi. Nikajibu, "Yanaendelea vizuri, Prof," nikidhani ni maneno ya utani.

Kisha akaniita ofisini tufanye mazoezi ya usaili. Alivaa miwani, akakaa upande wa pili wa meza kama mtu asiyenijua, akaniuliza, "Kwa nini tukuchukue wewe na si mwingine?" Nilijibu. Akatikisa kichwa, akaandika kitu. Akauliza maswali mawili matatu kuhusu mkaa. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa nini tukuchukue wewe na si mwingine?"

Nikafikiri jibu langu la kwanza halikutosha. Nikajibu kwa namna nyingine, kwa nguvu zaidi. Akaandika. Baada ya muda akaniuliza tena, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza. Nilijibu mara ya tatu mpaka machozi yakanilenga, kwa sababu safari hii nilisema kweli yote: nilimsema yeyo, na wadogo zangu wasiopenda kucheka, na mto wenye maji ya rangi ya chai. Nilipotoka nilimwambia mwenzangu mmoja kwamba mzee ni mwalimu wa ajabu, anakuuliza swali moja mpaka unafika kwenye mfupa.

Mwenzangu huyo alikuwa kijana wa darasa letu, wazazi wake wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro wenye duka la vifaa vya umeme Kaloleni, mtaa huo huo nilikopanga chumba. Yeye hakucheka. Alisema, "Dada, jana kaniuliza mimi kama nimeolewa."

Tulitazamana. Halafu tukabadilisha mazungumzo.

Wiki hiyo nilikuwa nje ya mji, mahali panapoitwa Maji ya Chai, kuchukua maji ya kupima. Nilitoka mtoni na chupa zangu kwenye mfuko, nikapanda hadi barabara kuu ambapo akina mama wanapanga nyanya na vitunguu pembeni, na mabasi ya Moshi yanapita kwa kasi yakiacha vumbi. Nikaliona gari la Profesa, mlango wa dereva uko wazi, na mwenyewe amesimama kando yake, sweta limefungwa vifungo upande upande.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba." Alinitazama kama mtu anayetafuta neno. "Hujambo. Unaelekea wapi?"

"Narudi chuoni."

"Vizuri sana. Basi twende wote." Akaangalia upande wa Moshi, akaangalia upande wa Arusha. "Ni upande upi?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Mama mmoja muuza nyanya alinivuta kando, akaninong'oneza, "Ni baba yako? Amesimama hapo tangu tunapanga bidhaa. Nimempa maji ya kunywa. Kila nikimuuliza anasema anasubiri ndizi mshare, na hapa leo hakuna mwenye mshare."

Sijui kuendesha gari. Ningekuwa najua, labda ningejidanganya kwamba nimefanya jambo. Nilichoweza ni kumkalisha kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi, nikakaa naye, nikampigia simu mke wake. Nilikuwa nimewahi kunywa chai nyumbani kwao Moshono, namba yake nilikuwa nayo. Tulipokuwa tunasubiri, Profesa alinisimulia habari za mvua kwa ufasaha kabisa, namna mawingu yanavyoukwepa upande mmoja wa Meru na kuunyeshea mwingine. Mtu angepita hapo angedhani nimepewa darasa la bure kando ya barabara.

Mke wake alifika kwa bodaboda, mtandio umemwangukia mabegani. Alikuwa muuguzi mstaafu, mama mtulivu wa sauti ya chini. Alimwangalia mumewe, akamfungua vifungo vya sweta na kuvifunga upya, kimoja kimoja. Kisha akanigeukia. Nikamsalimia, akaitika, akanivuta mbali kidogo na gari.

"Umeshajua," alisema.

"Nimeona, mama."

"Madaktari wamesema hakuna cha kurudisha. Kuna dawa za kupunguza kasi tu." Alisema hivyo kwa sauti ya kazi, kama anayemkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa zamu. Halafu sauti ikabadilika. "Anastaafu mwisho wa mwaka huu wa masomo. Mwanangu, nataka atoke pale chuoni akipigiwa makofi. Sitaki atoke akichungulia kama mtu aliyefukuzwa. Nakuomba usimwambie mtu."

"Sawa, mama," nilisema. Hata leo sijui ningesema nini kingine. Mama wa umri wake ananishika mikono yote miwili kando ya barabara, mume wake anatutazama kupitia kioo cha gari na kutupungia.

Usiku na mchana nikawa nawaza usaili. Kumtoa Profesa ni kueleza sababu. Kumwacha ni kuomba Mungu siku ile iangukie kwenye saa yake nzuri. Nikamfuata mkuu wa idara, nikamwuliza kama mhadhiri mwingine anaweza kukaa nami.

"Kwa nini?"

"Naona Prof ana mambo mengi."

Aliweka kalamu chini. "Mzee amekupigania wewe kuliko mwanafunzi yeyote niliyemwona. Barua ya kukupendekeza aliiandika kwa mkono wake, hakutaka katibu aiguse. Leo unataka kumweka pembeni?"

Mkuu wa idara aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Tunajua kwamba amechoka," alisema, kwa sauti ya chini. "Tunajua sote. Lakini nani atakwenda kumwambia? Mimi mwenyewe yeye ndiye aliyenisimamia. Alinifundisha hata kufunga tai. Tumeamua tumvumilie mpaka amalize vizuri."

"Na sisi anaotusimamia?"

Uso wake ulikuwa wa huruma, na hilo lilinivunja zaidi kuliko kama angekasirika. "Ninyi bado vijana," alisema. "Nafasi zitakuja nyingine."

Nikatoka ofisini kwake nikiwa nimeelewa kwamba siri niliyoibeba ilikuwa inabebwa na jengo zima. Kila mmoja anamlinda mzee kwa upendo wa kweli, na mimi nimesimama katikati ya upendo huo bila pa kupita.

Usaili ulipangwa asubuhi. Asubuhi Profesa alikuwa na akili zake zote, mke wake aliniambia, alikuwa anasoma gazeti na kumkosoa mwandishi. Lakini siku moja kabla ulikuja ujumbe kutoka kule Ulaya: ratiba yao imebadilika, wanaomba radhi, tutaongea jioni kwa saa zetu. Niliwaomba warudishe asubuhi. Walijibu kwa adabu kwamba haiwezekani. Nilimpigia mke wa Profesa.

"Jioni," alisema. Nilisikia kuku wakilia nyuma yake. "Basi nitamlaza mchana. Nitamvalisha vizuri."

Alimvalisha vizuri kweli. Profesa aliingia kwenye chumba chetu cha Alhamisi na suti nyeusi na tai ya bluu, amenyoa, ananukia sabuni. Mama alibaki nje kwenye benchi. Yule kijana wa Kaloleni alikuwa ametuwekea kompyuta na kipaza sauti, akakaa kona ya chumba ili kuangalia mtandao usikatike. Nje, Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu hadi kiunoni.

Zikatokea nyuso tatu kwenye kioo. Waliongea nami kwanza, na nasema bila majivuno kwamba nilifanya vizuri. Sikuziba mdomo. Waliponiuliza swali lililotaka kunikwamisha, kuhusu watu ambao imani zao haziwaruhusu kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa, nililijibu kwa kuwasimulia swali la yeyo, na mmoja wao, mwanamke mwenye mvi, alicheka na kuandika. Niliona kwamba ninapendwa. Mtu unajua.

Kisha yule mama mwenye mvi akasema, "Sasa, Profesa, tungependa kusikia kutoka kwako kuhusu mwanafunzi wako."

Profesa aliinua kichwa. Alianza kwa Kiingereza chake kizuri, kile ambacho sote tulikionea wivu. Alisema amefundisha wanafunzi wengi na wachache tu wana moyo wa kuhangaika na swali hadi mwisho. Nilivuta pumzi. Akasema mwanafunzi huyu alianza na udongo mbaya na mbegu mbaya, akalala shambani wakati wa mvua, na mahindi yake ndiyo yanayolimwa sasa katika wilaya nzima. Aliendelea. Alieleza ukubwa wa masuke. Alieleza jinsi mwanafunzi huyo, kijana wa kiume, alivyougua malaria wiki ya mavuno na hakurudi nyumbani. Alieleza kwa mapenzi makubwa, mikono yake ikipima urefu wa mahindi hewani.

Wale watatu walitazamana kwenye kioo. Mmoja akasema kwa upole, "Samahani Profesa, tunazungumzia mwanafunzi aliyekaa kando yako. Utafiti wa maji."

Profesa akageuka. Alinitazama usoni, kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekaa karibu nawe kanisani. Kisha akamwuliza kijana aliyekuwa kona, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliichukua yote:

"Huyu binti ni nani?"

Sikumbuki nani alizungumza baada ya hapo. Nakumbuka mikono yake. Ilikuwa imeshika ukingo wa meza kwa nguvu, kwa sababu aliona nyuso zetu na akajua amefanya jambo, ila hakujua jambo gani. Aliniangalia mimi, niliyekuwa karibu naye, kana kwamba ningeweza kumwambia. Midomo yangu ilifunguka. Ningeweza kusema neno moja tu kwa wale watu: anaumwa. Neno fupi. Lakini yeye alikuwa pale, na mke wake alikuwa nje ya mlango, na Profesa angelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza likisemwa na mwanafunzi wake mbele ya wageni.

"Ni mimi, Prof," nilisema. Nikamwekea mkono juu ya mkono wake. Kisha nikawashukuru wale watu kwa muda wao.

Kijana wa Kaloleni alifunga kompyuta polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mama aliingia. Alimshika mumewe kiwiko na kusema, "Mzee, twende tukale," naye akainuka kwa utii, akatuaga sote kwa kutupa mkono, akaniambia na mimi, "Nimefurahi kukufahamu."

Yule kijana alinisindikiza hadi Kaloleni. Karibu na uwanja wa mpira aliniuliza kama nitakula chipsi. Nikasema sawa. Tulikula tumesimama, hatukusema kitu, na nilimshukuru kwa hilo zaidi kuliko kwa chipsi.

Nafasi ilikwenda kwa mtu wa chuo kingine. Baadaye niliwaandikia wale watu, nikawaeleza kwa maneno ya kuzungukazunguka kwamba msimamizi wangu hakuwa na afya nzuri siku ile. Mama mwenye mvi alinijibu mwenyewe. Alisema walihisi hivyo, amesikitika sana, lakini uamuzi ulishapita na nafasi zilishajaa. Alinitakia heri. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilimtafuta. Nilijaribu kumkasirikia mkuu wa idara, mke wa Profesa, madaktari, umeme, saa za Ulaya. Kila niliyemfikia nilimkuta na sababu yake nzuri.

Profesa hakumaliza mwaka. Makofi aliyoyataka mama hayakupigwa. Asubuhi moja mlinzi wa geti alimkuta amekaa kwenye gari bila kujua amefikaje, wakampigia mama, na tangu siku hiyo hakuja tena. Ofisi yake alipewa mwingine. Alhamisi zilikufa zenyewe. Wiki ya kwanza tulikwenda tukakaa, tukatazamana, mmoja wetu akajaribu kuongoza, akashindwa. Baadaye chumba kile kikawekwa viti vibovu. Badala yake chuo kilianzisha kundi la simu la kutangazia fursa. Kila siku yanaingia matangazo, mengine siku zake zimeshapita, na chini yake watu wanaandika asante na amina.

Mimi nikapewa msimamizi mwingine, mtu mzuri anayeishi Dar es Salaam na kujibu ujumbe pale anapopata nafasi. Alinitaka nibadilishe sura mbili za utafiti. Nikazibadilisha. Nilimaliza nikiwa nimechelewa, siku ya mahafali yeyo akaja amevaa shanga zake zote, akawa anawaambia watu waliokaa karibu naye kwamba binti yake anasafisha maji kwa mifupa. Sasa nafanya kazi za mikataba mifupi, napima visima vya miradi. Naomba nafasi kila zinapotokea. Nafika mchujo wa kwanza, pengine wa pili. Nikiulizwa msimamizi wangu wa awali yuko wapi ili wawasiliane naye, nasema amestaafu.

Nilianza kwenda kwa Profesa, kule Moshono, siku za Jumapili. Mwanzoni nilikwenda kwa sababu mama alinipigia na kulia. Baadaye nilikuwa nakwenda tu. Mara nyingi Profesa hanijui. Siku nyingine mimi ni mtoto wa dada yake, siku nyingine ni muuguzi, na kwa muuguzi ana nidhamu sana, anatoa ulimi bila kuambiwa.

Lakini kuna siku moja nilimkuta amekaa barazani, akainua macho na kuniita kwa jina langu. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa muda mrefu.

"Keti," alisema. "Ule usaili. Niliharibu, sivyo?"

"Hapana, Prof."

"Usinidanganye. Mwanafunzi akidanganya huwa naona." Alisubiri. "Niliharibu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole, kama ninavyomkumbuka akisoma matokeo ya maabara ambayo hakuyatarajia. Hakulia. Alisema, "Basi tulirekebishe sasa hivi, kabla sijapotea tena. Nipe simu." Akanitajia namba, akiwa amefumba macho, ya rafiki yake ambaye alisema ni mkurugenzi na hawezi kumkatalia. Nikabonyeza. Sauti ya mwanamke wa mtandao ikasema namba hiyo haipatikani. "Jaribu tena," alisema. Nikajaribu. Akanitajia nyingine. Nikajaribu hiyo nayo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akanitikisia kichwa. Baadaye jikoni aliniambia kwamba huyo mkurugenzi alishafariki, na Profesa mwenyewe ndiye aliyesoma wasifu kwenye mazishi. Lakini pale barazani aliendelea kunitajia namba, kwa haraka, huku akinishika mkono, mpaka zikaanza kuwa fupi, tarakimu nne, tarakimu tatu. Mimi niliendelea kuzibonyeza zote.

Jumapili iliyopita mama aliniomba nikae na Profesa ili yeye awahi ibada. Amechoka, amekonda, na kanisani ndipo mahali pekee anapokaa bila kumtazama mtu. Alinikabidhi ufunguo wa geti na kuniambia nisimfungulie.

Alikaa vizuri mpaka kengele ya kanisa ilipolia. Kisha akainuka, akaenda getini, akalitikisa. Nilimfuata.

"Prof, turudi ndani, chai inapoa."

"Fungua, mwanangu. Nachelewa."

"Unakwenda wapi?"

Alifikiri kwa bidii. Niliona jinsi alivyokuwa anafikiri, kwa uso wake wote. "Sijui," alisema hatimaye, na sauti yake ikawa ya kuomba. "Lakini wananisubiri."

Niliangalia ufunguo mkononi mwangu. Nilisema hapana mara mbili, nikamshika bega, akautoa mkono wangu taratibu bila hasira na kurudi kulitikisa geti, na majirani wakaanza kuchungulia. Nikafungua. Akapita bila kunitazama, akashika barabara ya vumbi inayoteremka, anatembea wima kabisa, akiwasalimia wote aliokutana nao, na watu wakimwamkia shikamoo na kunitazama mimi. Nilitembea nyuma yake. Kwenye njia panda alisimama, akachagua kushoto, nami nikakata kushoto.